Dai Nene au Dai Jembamba: Maneno ya Ziada Katika Maombi ya Hataza

Fundi mmoja wa Katwe alinijia na faili la plastiki lililojaa alama za grisi. Ndani mlikuwa na picha za mashine ya kubangua karanga aliyoiunda mwenyewe kwa vyuma chakavu, pamoja na kurasa kumi na mbili za maombi ya hataza, haki ya kisheria inayomlinda mvumbuzi, hiyo ambayo wengi wetu Kampala tunaiita pateni, alizoandikiwa na mpwa wake. Kijana ni msomi na ana bidii. Alikesha kwenye intaneti akisoma hataza za Wamarekani, na kila fungu la maneno lililomvutia alilihamishia kwenye karatasi za mjomba.

"Mwanangu," mzee akaniambia, "hii ni nzito. Imejaa sheria tupu."

Nililisoma dai la kwanza mara tatu nikiitafuta mashine yake. Sikuiona.

Kwa asiyezoea mambo haya, maombi ya hataza yana sehemu mbili zinazobeba uzito. Maelezo ni pale unapomfundisha msomaji jinsi kitu chako kinavyoundwa na kufanya kazi. Madai ni mawe ya mpaka. Ukitaka kujua kama jirani ameingia kiwanjani kwako, huangalii uzuri wa kiwanja, unatafuta mawe yalipo. Kwa hiyo neno lolote unaloliweka ndani ya dai litasomwa kama jiwe, hata kama wewe ulilitia kama pambo.

Haya hapa madai mawili ya mashine ile ile. La kwanza ni la mpwa, nimelifupisha kidogo. La pili ni tuliloandika siku ile mezani kwangu. Maombi yenyewe huwasilishwa kwa Kiingereza, iwe ni kwa ofisi yetu ya usajili, URSB, au kwa ARIPO, shirika la kanda ya Afrika la miliki bunifu, kule Harare. Lakini mzee na mimi tulizungumza Kiswahili, na mimi huwa naandika dai kwa Kiswahili kwanza. Sababu nitaieleza mbele.

Dai nene:

"Mashine bora ya kisasa ya kubangua karanga ambayo, katika angalau namna moja ya utekelezaji, inajumuisha, lakini si hayo tu, angalau ngoma moja au zaidi ya mviringo ya chuma, iliyowekwa kimsingi juu ya angalau wavu mmoja au zaidi uliopinda, kwa umbali unaofaa wa takriban milimita 15 au karibu na hapo, pamoja na mpini au kitu kingine chochote kinachoweza kutumika kuizungusha ngoma husika iliyotajwa hapo juu, na ikiwezekana springi, kwa mfano springi za kiti cha pikipiki, za kuushikilia wavu huo uliotajwa."

Dai jembamba:

"Mashine ya kubangua karanga, inayojumuisha: ngoma inayozunguka, wavu uliopinda chini ya ngoma, wenye matundu ya kupitisha punje, na springi zinazoushikilia wavu, ili wavu ushuke pale karanga nene inapopita na kurudi mahali pake ikishapita."

La kwanza lina maneno 79, la pili 33. Lakini hesabu ya maneno si hoja yangu. Nimewahi kuona dai fupi bovu na dai refu zuri. Hoja ni kwamba kati ya yale 79, mengi hayasogezi mpaka hata kwa inchi, machache yanausogeza upande ambao mzee hakuutaka, na moja limemng'oa yeye mwenyewe kiwanjani.

Neno lililoua springi

Mashine za kubangua karanga si ngeni. Zile zinazojulikana zina ngoma, wavu na mpini, na wavu umechomelewa mahali pamoja. Karanga nene ikiingia inasagwa na punje zake. Karanga nyembamba inapita na ganda lake kama ilivyoingia. Alichofanya mzee ni kuuachia wavu. Aliutundika kwenye springi nne alizong'oa kwenye kiti cha bodaboda iliyokufa, na sasa karanga nene inapopita wavu unanepa, ikishapita unarudi. Hicho tu ndicho kipya. Ngoma si yake, mpini si wake.

Sasa rudi kwenye dai nene uone springi zilipo. Ziko mwishoni, nyuma ya neno "ikiwezekana".

Miongozo ya ukaguzi ya Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, PCT, ambao Uganda imo tangu 1995, inasema wazi: maneno ya aina ya "ikiwezekana", "kwa mfano" na "kama vile" hayapunguzi upana wa dai, na kinachofuata nyuma yake kihesabiwe kuwa ni hiari kabisa. Ofisi ya Hataza ya Ulaya inafuata msimamo huo huo. Marekani mkaguzi anaweza kwenda mbali zaidi akasema dai halieleweki, kwa sababu msomaji hajui kama mfano uliotajwa ni sharti au ni porojo.

Kwa hiyo mkaguzi anayelisoma dai la mpwa anazifuta springi kwa kalamu, halafu anatazama kilichobaki: ngoma, wavu, mpini. Anafungua kabati lake anatoa mashine ya miaka mingi iliyopita yenye vitu hivyo vitatu. Si jipya. Faili linarudi. Neno moja la adabu, la kuonyesha kwamba hatumlazimishi mtu, limekula uvumbuzi wote.

Wanaolitia neno hilo wana sababu, na si ya kijinga. Wanaogopa kujifunga. Mpwa aliniambia kwa simu, "Dada, nikiandika springi tu, mtu akiweka kitu kingine ataniponyoka." Ni kweli, na hofu hiyo ina mahali pake. Mahali pake ni dai tegemezi. Unaandika dai la 1 kwa upana unaoweza kuutetea, kisha chini yake: "Mashine kama ilivyo katika dai la 1, ambamo springi ni nne." Chini yake tena: "ambamo ngoma ina vipande vya mpira kwenye uso wake." Dai la 1 likianguka, unashukia la 2. Linganisha: "ikiwezekana" ndani ya dai kuu hakukupi pa kushukia, dai tegemezi linakupa ngazi ya kushukia.

Kuna gharama, nisifiche. Ulaya wanatoza ada ya ziada kuanzia dai la 16, Marekani kuanzia la 21. Kwa mashine ya karanga huwezi kufika huko labda uwe na mpwa kama huyu.

Moja, angalau moja, moja au zaidi

Hapa lugha yetu inatutega. Kwa Kiswahili "ngoma" inaweza kuwa moja au kumi, na sentensi hailazimiki kusema. Kiingereza hakikuachi hivyo. Kila nomino ya umoja inayohesabika ni lazima itanguliwe na kineno chake, kama "a". Mswahili anayeandika Kiingereza anakiogopa kineno hicho. Anahisi kimemfungia kwenye ngoma moja. Basi anatanguliza "angalau", bado hajatulia, anaongeza "au zaidi".

Woga huo hauna msingi, angalau pale Marekani ambako umetokea. Mahakama yao ya rufaa inayoshughulikia hataza imesema mara nyingi, na ilirudia mwaka 2008 katika kesi ya Baldwin Graphic dhidi ya Siebert, kwamba ndani ya dai lenye "inayojumuisha" kile kineno cha umoja kinamaanisha moja au zaidi, isipokuwa mwandishi ameonyesha wazi nia nyingine. "Angalau ngoma moja au zaidi" ni kusema jambo lile lile mara tatu, kama anayebisha hodi mlango ukiwa umeshafunguliwa.

Ingekuwa ni kubisha hodi tu ningenyamaza. Ubaya unakuja ukiandika "angalau wavu mmoja" mstari wa pili na "springi" tupu mstari wa tano. Mwanasheria wa upande wa pili atauliza: mbona hapa alisema angalau na pale hakusema? Bila shaka pale alitaka iwe moja. Ukianza kuvaa mkanda na ovaroli kwa pamoja, uwe nao kila siku.

Na kuna "angalau" yenye meno. Mwaka 2004, katika kesi ya SuperGuide dhidi ya DirecTV, dai lilihusu miongozo ya vipindi vya televisheni. Mwandishi aliorodhesha mambo manne, saa ya kuanza, saa ya kumalizika, kituo na aina ya kipindi, akatanguliza "angalau kimoja kati ya" na akaunganisha la mwisho kwa "na". Yeye pengine aliwaza: lolote kati ya hayo manne. Mahakama ikasoma: angalau kimoja kutoka kila kundi, yaani yote manne yawepo. Angeandika "au", pasingekuwa na mjadala. Kwa mashine yetu, "angalau kimoja kati ya mpini, pedali na mota" kingeweza kumlazimisha mshindani awe na vyote vitatu ndipo tumshike. Nani ataunda mashine kama hiyo?

Lini basi "angalau" ibaki? Ikiwa idadi inafanya kazi. Springi moja ingeupindisha wavu upande, mzee alijaribu. "Angalau springi mbili" ni jiwe halali. Kipimo changu ni kimoja kwa maneno yote haya: lifute neno, halafu uliza kama kuna mashine yoyote duniani iliyoingia au kutoka ndani ya mpaka. Kama hakuna, lilikuwa hewa. Kama ipo, amua kwa makusudi unaitaka ndani au nje.

Chuma cha ziada

"Ngoma ya mviringo ya chuma." Mzee aliunda kwa chuma kwa kuwa chuma ndicho kilichokuwapo karakana. Hana haja nacho. Fundi wa Masaka akichonga ngoma ya mti, dai nene linamruhusu apite akipiga mluzi.

Hiyo ni hasara ya waziwazi. Ile ya kificho inaonekana katika kesi ya Phillips dhidi ya AWH ya 2005, iliyosikilizwa na jopo zima la majaji wa mahakama ile ile ya rufaa ya Marekani. Hataza ilikuwa ya kuta za kuunganisha vipande, zinazostahimili kuvunjwa, zinazofaa hata kwa magereza. Dai lilitaja vikingamizi vya chuma ndani ya ukuta. Majaji walisema kwamba kuandika "vikingamizi vya chuma" kunaashiria kwa nguvu kuwa neno "kikingamizi" peke yake halina chuma ndani yake. Maana yake kwa mwandishi ni hii: sifa unayoiongeza haielezi tu kitu unachokitaja, inamwambia jaji kuwa bila hiyo sifa kitu hicho kingeweza kuwa vinginevyo.

Itumie kwa "mviringo". Nani amewahi kuona ngoma ya mashine isiyo ya mviringo? Hakuna, ndiyo maana neno linaonekana halina madhara. Lakini kwa kuliandika umekiri kuwa ngoma nyingine zaweza kuwa na pembe, na kwamba wewe hukuzitaka. Atakayeunda ngoma ya pembe sita atakushukuru.

"Bora" na "ya kisasa" sina muda nazo. Hazijawahi kumsaidia mtu.

Kikombe cha mpini wa chuma

Nilisema nitaeleza kwa nini naanza kwa Kiswahili. Sema "kikombe cha mpini wa chuma", halafu sema "kikombe cha mpini cha chuma". Mtoto wa darasa la pili anajua kuwa kwanza mpini ndio wa chuma, na mara ya pili ni kikombe. Upatanisho umefanya kazi yote kwa silabi moja. Kiingereza hakina kitu hicho. Sifa inaning'inia mwishoni mwa sentensi na wanasheria wanagombana ni ya nani.

Na kwa kuwa wanajua udhaifu huo, waandishi wao wamejitengenezea vishikizo: "husika", "iliyotajwa hapo juu", "huo uliotajwa". Mpwa alivikopa vyote akavirudisha kwenye lugha isiyovihitaji. "Ngoma husika iliyotajwa hapo juu" ni ngoma. Ngoma iko moja kwenye dai, itachanganywa na nini?

Njia ninayopendekeza, na si lazima uwe mwanasheria: andika dai kwa Kiswahili safi, hakikisha kila -o na kila kiambishi kinaelekea kwenye nomino yake, kisha unapolipeleka kwenye Kiingereza, pale ambapo upatanisho ndio uliokuwa ukibeba maana, ivunje sentensi uiweke sifa karibu na mwenyewe. Usiongeze "iliyotajwa" mpaka kuwe na vitu viwili vya jina moja. Katiba yetu iliporekebishwa 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Faida hii ndogo nadhani hakuna aliyeifikiria.

Takriban, na mahali inapostahili

Hapa sitaki kuonekana adui wa kila neno la tahadhari. "Umbali unaofaa wa takriban milimita 15 au karibu na hapo" ni ovyo kwa sababu kuna maneno matatu ya kulegeza na namba moja ya kukaza, na yote yanavutana. Lakini linganisha njia nne za kusema umbali ule.

"Milimita 15": safi, lakini mshindani anaweka 16 anaondoka. Kwa kuchomelea kwetu Katwe, hata mashine mbili za mzee mwenyewe hazifanani milimita kwa milimita.

"Umbali unaofaa": unaofaa kwa nani? Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika Nautilus dhidi ya Biosig, ilishughulikia hataza ya kipima mapigo ya moyo ambamo elektrodi zilisemwa zina nafasi kati yake, bila kipimo. Mahakama ikaweka kigezo kwamba dai limweleze mtaalamu wa fani upana wake kwa uhakika wa kuridhisha. Mwenye hataza hatimaye aliokoka kwenye mahakama ya chini yake, baada ya kesi kurudishwa. Mwaka ule ule, katika Interval Licensing dhidi ya AOL, "kwa namna isiyosumbua" hakukuokoka. Maneno ya kupima kwa ladha ya mtu ni kamari.

"Takriban milimita 15": inakubalika kwa wengi, mradi maelezo yaseme takriban ni kiasi gani na kwa nini. Andika ndani ya maelezo kwamba umbali waweza kuwa kati ya 12 na 18 bila kazi kuharibika, na "takriban" inakuwa na miguu. Bila hilo mkaguzi wa Ulaya atakusumbua, hasa kama namba hiyo ndiyo inayokutenga na mashine ya zamani.

Njia ya nne ni kutosema umbali kabisa. Springi ndizo zinazouamua, karanga kwa karanga. Ndiyo tuliyoichagua, na utaona dai jembamba halina milimita hata moja.

Kwa majaji wetu, waliolelewa kwenye sheria ya Kiingereza, kesi ya kukumbuka ni Catnic dhidi ya Hill & Smith, iliyoamuliwa na Baraza la Malodi mwaka 1980. Ilihusu linta ya chuma ya juu ya mlango. Dai lilisema bamba la nyuma linasimama "wima". Mshindani akaliinamisha nyuzi 6 au 8, akasema langu si wima. Lodi Diplock akauliza swali la mjenzi: je, mtu wa kazi hiyo angeelewa kwamba mwandishi alitaka wima kamili ya kipimo, hata pale ambapo kuinama kidogo hakuathiri kazi? Jibu likawa hapana, na mshindani akashindwa. Wanaopenda madai yasiyo na neno la tahadhari huitaja kesi hii kama ushahidi kwamba "kimsingi" haihitajiki. Mimi naisoma vinginevyo. Mwenye hataza alishinda, naam, baada ya kupanda mpaka mahakama ya mwisho ya nchi. "Kimsingi wima" kungekuwa na kazi ya kufanya pale. Kwenye dai la mpwa "kimsingi juu ya wavu" hakuna kazi. Ngoma iko juu ya wavu au haiko.

Misemo ya kukopa

"Inajumuisha, lakini si hayo tu." Neno "inajumuisha" kwenye madai tayari liko wazi, mashine yenye vitu vyako na magurudumu juu yake bado imeingia. Ukitaka kufunga unasema "inayoundwa na hivi pekee". Kati ya hayo mawili hakuna haja ya la tatu.

"Katika angalau namna moja ya utekelezaji" ndani ya dai haina maana. Ndani ya maelezo ina maana, ila mpwa aliiweka kila aya, mara thelathini na kitu, mpaka inasomeka kama kiitikio. Mara moja mwanzoni inatosha: namna zinazoelezwa hapa ni mifano. Kinyume chake kina hatari zaidi, nacho ni "uvumbuzi huu". Katika Verizon dhidi ya Vonage, 2007, mahakama ilisema kuwa ukieleza sifa kwa jumla kama sifa za uvumbuzi wenyewe, umelifunga dai kwa sifa hizo. Kati ya "uvumbuzi huu una springi nne" na "mashine iliyo kwenye picha ina springi nne", chagua la pili kila mara. Ni kubadilisha neno kwa neno tu, na kuna thamani kuliko misemo thelathini ya utekelezaji.

Kanuni ya 9 ya PCT inakataza hata kuweka kwenye maombi jambo ambalo ni dhahiri halihusiki au halihitajiki. Sijawahi kuona faili likirudishwa kwa hilo peke yake. Lakini kama utatafsirisha, mtafsiri analipwa kwa neno, na kiitikio nacho ni maneno.

Usikate mpaka mfupa

Wapo wanaosoma ushauri kama huu wakachukua panga. Waangalie kesi ya Chef America dhidi ya Lamb-Weston ya 2004. Dai lilisema donge la unga lipashwe moto "hadi" kiwango cha kati ya nyuzi 400 na 850 za Farenhaiti, sawa na takriban 204 hadi 454 za Selsiasi. Walichokusudia ni joto la oveni. Walichoandika ni joto la donge lenyewe. Muuza rolex, ile chapati ya mayai, wa Wandegeya atakwambia chapati iliyofika joto hilo ndani yake ni mkaa. Mahakama ililijua hilo, na ikakataa kuwarekebishia sentensi. "Hadi" na "katika" ni vijineno vidogo kuliko "ikiwezekana", na hakuna hata kimoja kilicho cha ziada.

Nani achague lipi

Kama una wakili au wakala mzoefu, na unalenga Harare au PCT, chagua dai jembamba lenye madai tegemezi matano au sita. Hakuna ninayemjua wa fani hii atakayekupinga kwa nguvu.

Kama unaandika peke yako, jibu langu ni jembamba pia, kwa sharti moja ambalo watu hulisahau: maelezo yawe manono. Baada ya kuwasilisha huwezi kuongeza jambo ambalo halikuwamo siku ya kwanza. Sheria nyingi za hataza zinakataza. Dai jembamba juu ya maelezo membamba ni njaa tupu. Kila "kwa mfano", kila "au mpira wa tairi", kila "hata kwa maharage", hamishia kule. Mpwa mwenye kipaji cha maneno mengi ni mali, mradi umkalishe kwenye chumba chake. Nilimwambia hivyo, akacheka, na kurasa zake za maelezo tulizibakiza karibu nane.

Dai nene ningelivumilia mahali pamoja tu: tarehe imekubana, maonyesho ni kesho, na huna hata saa ya kufikiri. Weka yote, uhifadhi tarehe yako ya kuwasilisha, usafishe baadaye kwa kufuta. Kufuta kunaruhusiwa kwa urahisi kuliko kuongeza. Lakini hata usiku huo, ondoa "ikiwezekana" mbele ya kitu kipya.

Mzee alipolisoma dai jembamba mara ya kwanza alinyamaza kidogo. "Na mpini?"

"Akiweka mota je, mzee?"

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaweka kidole chenye kovu juu ya neno "springi". "Mimi nilikuwa na springi kwa sababu pikipiki ilikufa. Mwenzangu hapo karibu ana mipira ya tairi. Akiutundika wavu kwa mpira, inafanya kazi sawasawa."

Nilikuwa nimeshaandaa karatasi za kuchapa. Tukakaa saa nyingine nzima, tukaagiza chai, na mstari wa mwisho wa dai la 1 ukawa: "na viegemeo vinavyonepa, vinavyoushikilia wavu, ili wavu ushuke pale karanga nene inapopita na kurudi mahali pake ikishapita." Dai la 2: ambamo viegemeo hivyo ni springi. Dai la 3: ambamo ni vipande vya mpira. Ya bodaboda tukaiacha kwenye maelezo, ukurasa wa nne, na picha yake.